Tarakimu na mnyororo havifanani: dalili, chanzo na tiba

Kuna namba ambayo kwa desimali inaanza 0.10841015122311136151. Ukizichukua tarakimu zake hizo hizo, moja moja, ukazipanga ziwe sehemu ya mnyororo, unarudi kwenye namba ile ile. Sehemu ya mnyororo ni sehemu ambayo asili yake imebeba sehemu nyingine, na asili ya hiyo nayo imebeba nyingine, hivyo hivyo kushuka chini, huku kiasi kikiwa 1 kila ngazi:

1/(1 + 1/(0 + 1/(8 + 1/(4 + 1/(1 + 1/(0 + …

Namba 1, 0, 8, 4, 1, 0 zinazoshuka humo nitaziita pete. Namba yenyewe inaitwa namba ya Trott, kwa jina la Michael Trott, mtaalamu wa programu ya Mathematica. Katika hazina ya mfululizo wa namba ya OEIS imewekwa kwa alama A039662.

Kikundi chetu cha hisabati hapa Mwanga, Kigoma, kimeing'ang'ania namba hii. Wamo wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, wamo wa vyuo wakiwa likizo, na yumo fundi simu anayependa hesabu kuliko simu. Wengi wanatumia Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye laptop za mtumba, wengine kwenye simu. Kila wiki napata ujumbe wa aina moja: "Mwalimu shikamoo, mashine inakataa." Mara nyingi mashine haikatai kitu, ila imeulizwa swali jingine. Hizi ndizo dalili zinazojirudia, nikianza na ile inayompata kila mgeni.

Dalili: umeingiza 0.10841015122311 ukapata pete 9, 4, 2, 5, 1, 2, 2, 3

Mtu anaona 9 mahali alipotarajia 1, anafunga laptop na kusema habari ya namba hii ni uzushi. Kumbe jibu ni sahihi kabisa.

Njia ya kawaida ya kutafuta pete ni hii: gawanya 1 kwa namba yako, chukua namba kamili iliyotokea iwe pete, baki nalo ligawanye 1, endelea. Hapa 1 ÷ 0.10841015 ni 9.2242…, kwa hiyo pete ya kwanza ni 9. Baki ni 0.2242…, 1 kugawanya kwa hilo ni 4.4597…, kwa hiyo 4. Njia hii haiwezi kutoa sifuri hata siku moja, kwa sababu baki huwa dogo kuliko 1, na 1 ukiigawanya kwa kitu kidogo kuliko 1 utapata kinachozidi 1. Namba ya Trott ina sifuri ndani ya tarakimu zake, na sifuri hizo zinaruhusiwa kuwa pete.

Sifuri ikikaa katikati ya pete mbili inazijumlisha. Andika a + 1/(0 + 1/b): ile 1/(0 + 1/b) ni b tu, kwa hiyo umebaki na a + b. Basi 1, 0, 8 zinakuwa 9. Inafuata 4. Kisha 1, 0, 1 zinakuwa 2. Kisha 5, 1, 2, 2, 3. Ndiyo orodha uliyopata: 9, 4, 2, 5, 1, 2, 2, 3.

Tiba ni kugeuza mwelekeo wa ukaguzi. Usianze na namba ukatafuta pete, maana mnyororo wenye sifuri na ule usio na sifuri vinatoa thamani moja, na njia ya kawaida daima itakuchagulia usio na sifuri. Anza na tarakimu, zifanye pete, kokotoa thamani, kisha soma kama desimali za thamani hiyo ni tarakimu ulizoanza nazo. Nusu ya matatizo yaliyobaki hapa chini yanatoka kwa watu walioendelea kukagua kinyumenyume.

Dalili: katikati ya orodha limetokea jitu kama 1801439850948197

Hili lilimpata mwanafunzi wa Ujiji aliyetaka kwanza kuijaribu programu yake kwa 0.1. Alitarajia pete moja, 10. Akapata 9, 1, 1801439850948197, 2, na akaniuliza kama laptop ina virusi.

Chanzo ni jinsi kompyuta inavyohifadhi desimali. Inahesabu kwa mbili, na moja ya kumi haimaliziki kwa mbili, kama theluthi isivyomalizika kwa kumi. Kilichokaa kwenye kumbukumbu ukiandika 0.1 ni sehemu 3602879701896397/36028797018963968, iliyozidi moja ya kumi kidogo mno. Kwa kuwa imezidi, 1 ukiigawanya kwa hiyo hupati 10 kamili. Unapata 9, na baki linalokaribia 1. Pete inayofuata ni 1, na baki lake ni dogo sana, kwa hiyo pete ya baada yake inakuwa jitu. Unaweza kuhakiki kwa kalamu: mara 10 ya kiasi kile inazidi asili kwa 2 tu.

Ukiona jitu kwenye orodha, jua ndipo usahihi ulipoishia. Kila kinachofuata baada yake ni takataka za kumbukumbu. Tiba ni kuipa Python namba kwa maandishi, yaani ndani ya alama za kunukuu, kisha igeuzwe kuwa Fraction, aina ya namba ya Python inayohifadhi kiasi na asili kamili. Hapo 0.1 inakuwa 1/10 kweli. Bora zaidi, achana na desimali kabisa na ufanye kazi kwa namba kamili tu, kama utakavyoona chini. Namba kamili za Python hazina ukomo wa tarakimu. Desimali zake za kawaida zinaishia kwenye tarakimu 15 hadi 17.

Dalili: pete za mwanzo ni sawa, za mwisho zimepotoka

Ukikata 0.1084 hapo, ulichonacho ni 271/2500, na mnyororo wake ni 9, 4, 2, 3, 1, 6. Tatu za kwanza zinafanana na zile za namba nzima, ya nne ni 3 badala ya 5.

Namba iliyokatwa haiwakilishi nukta moja. Inawakilisha eneo lote kutoka 0.1084 hadi 0.1085. Kokotoa ncha zote mbili: ncha ya juu, 217/2000, inatoa 9, 4, 1, 1, 1, 1, 1, 1, 3. Pete ambazo ncha zote mbili zinakubaliana ni 9 na 4, na hizo tu ndizo za kuaminika. Ile 2 iliyofuata ilikuwa sahihi, lakini kwa tarakimu nne hukuwa na haki ya kuidai.

Mwanahisabati Gustav Lochs alithibitisha mwaka 1964 kwamba kwa karibu namba zote, tarakimu moja ya desimali inakuletea pete 0.97 hivi kwa wastani. Alipoijaribu π, tarakimu 1,000 zilimpa pete 968. Kwa maneno mengine, tarakimu moja hubana eneo mara 10 kamili, na pete moja hulibana mara 10.7 hivi kwa wastani. Mimi naona hapa ndipo ulipo utamu wa jambo zima. Tungekuwa tunahesabu kwa nane au kwa kumi na sita, uwiano huo usingekaa karibu hivyo. Sisi tunahesabu kwa kumi kwa sababu ya vidole, basi.

Dalili: Python inaandika ZeroDivisionError

Umeanza kukokotoa kutoka chini kwenda juu na pete ya mwisho ni 0. Ukikata kwenye 1, 0 unaiomba mashine 1/0.

Kokotoa kutoka juu kwenda chini, ukibeba kiasi na asili kama namba kamili:

p0, p1 = 1, 0
q0, q1 = 0, 1
for a in pete:
    p0, p1 = p1, a*p1 + p0
    q0, q1 = q1, a*q1 + q0

Kila mzunguko unakupa sehemu ya hatua, p1/q1, bila kugawanya chochote. Fuata namba ya Trott kwa mkono angalau mara moja, kabla hujaamini programu yako. Pete 1 inatoa 1/1. Pete 0 inatoa 0/1. Pete 8 inatoa 1/9. Pete 4 inatoa 4/37, yaani 0.1081. Pete 1 inatoa 5/46. Pete 0 inaturudisha 4/37, kwa sababu sifuri haiongezi kitu, inarudisha tu hatua ya nyuma ya ile iliyopita. Pete 1 inatoa 9/83, kisha 5 inatoa 49/452, kisha 1 inatoa 58/535, yaani 0.108411. Kufikia hapo desimali zimeshaanza kutulia. Kama programu yako imetoa kitu tofauti na 4/37 mahali pale panapojirudia, umebadilishana p0 na p1 kwa mstari usio sahihi. Ndani ya kila mstari, namba zote mbili lazima zibadilike kwa pamoja.

Dalili: imefanana mpaka tarakimu ya sita, kumbe haikufanana

Endelea hatua moja kutoka 58/535: pete inayofuata ni 2, na sehemu inakuwa 165/1522. Iombe mashine iiandike kwa nafasi sita. Itaandika 0.108410. Tarakimu 1, 0, 8, 4, 1, 0, zote zimepatikana, watu wanapiga makofi.

Ukweli ni kwamba 165/1522 ni 0.10840998… Tarakimu zake ni 1, 0, 8, 4, 0, 9. Mashine imekadiria, ikapandisha. Ni sawa na mchuuzi wa dagaa pale Kibirizi kukuandikia kilo wakati mizani inasoma gramu 999: kwa mboga ya jioni hakuna hasara, ila sisi tunahitaji kujua mizani inasoma nini.

Soma tarakimu kwa kugawanya namba kamili: 165 × 1,000,000, gawanya kwa 1522, tupa baki. Python inafanya hivyo kwa alama //. Jibu ni 108409, halina ubishi. Usitumie round, wala usiikadirie kwa macho kwenye kioo cha simu.

Dalili: utafutaji unakufa tarakimu ya kwanza, wakati jibu linajulikana kuwepo

Hii inawapata waliokwisha kuvuka hatua ya kukagua na sasa wanataka kuitafuta namba wenyewe. Mpango wao ni mzuri. Weka tarakimu moja, angalia kama bado inawezekana, ongeza nyingine, rudi nyuma ikishindikana. "Inawezekana" maana yake maeneo mawili yanakutana: eneo la desimali, mfano 0.1 hadi 0.2, na eneo la namba zote ambazo mnyororo wao unaanza na pete hizo.

Tatizo liko kwenye eneo la pili. Vitabu vinasema mnyororo unaoanza na pete 1 uko kati ya 1/2 na 1. Eneo la 0.1 hadi 0.2 halifiki huko, programu inakata tawi, na namba ya Trott imeuawa ikiwa mlangoni. Vitabu havijakosea. Vinachukulia kwamba pete inayofuata ni 1 au zaidi. Ukiruhusu sifuri, mkia uliobaki unaweza kuwa na thamani yoyote kuanzia 0 hadi isiyo na mwisho, na mipaka halali ni sehemu mbili za hatua zilizofuatana: p0/q0 na p1/q1 za programu ile ile hapo juu.

Jaribu. Baada ya pete 1, mipaka ni 0/1 na 1/1, na 0.1 imo. Baada ya 1, 0 mipaka ni ile ile. Baada ya 1, 0, 8 ni 0 hadi 1/9, yaani hadi 0.111, na 0.108 imo. Baada ya 1, 0, 8, 4 ni 4/37 hadi 1/9, yaani 0.1081 hadi 0.1111, na 0.1084 imo. Baada ya kuongeza 1 ni 4/37 hadi 5/46, yaani 0.10811 hadi 0.10870, na 0.10841 imo. Tawi liko hai.

Linganisha maeneo kwa kuzidisha kwa mkato (kiasi cha sehemu moja kwa asili ya nyingine), namba kamili kwa namba kamili. Ukirudi kwenye desimali za kawaida hapa, dalili ya jitu itarudi kwa sura nyingine: matawi mazuri yatakatwa kimyakimya baada ya tarakimu ya kumi na tano na hutaona kosa lolote kwenye kioo.

Dalili: programu imeleta 0.00000000 na inafurahi

Sifuri hazibani eneo. Pete 0, 0, 0 zinarukaruka kati ya 0/1 na 1/0 milele, na upande wa desimali 0.000 inakubali. Kataza tarakimu ya kwanza isiwe sifuri, na uweke kikomo cha sifuri zinazoruhusiwa kufuatana. Sifuri mbili mfululizo zinafutana tu, a + 1/b haibadiliki, kwa hiyo ukomo mdogo unatosha kuanzia.

Dalili: imefika tarakimu 500, mtu anatangaza amethibitisha haina mwisho

Hapana. Tawi lililo hai kwenye ngazi ya 500 linaweza kufa kwenye ya 501. Kama kila ngazi ingekuwa na tawi hai, basi tawi lisilo na mwisho lingekuwepo, kwa kuwa kila njia panda ina njia kumi tu. Lakini "kila ngazi" si kitu ambacho laptop inaweza kukimaliza kwa kupanda ngazi moja moja. Tangazeni tarakimu, msitangaze uthibitisho.

Dalili: umekataza sifuri na hakuna kinachopatikana

Dada mmoja wa Katonga alituletea hii akiwa ameudhika. Alisema sifuri ni ujanja, yeye anataka namba safi, pete 1 hadi 9. Programu yake ikarudisha orodha tupu papo hapo, naye akaikagua mstari kwa mstari akitafuta kosa. Programu ilikuwa nzima. Namba hiyo haipo, na unaweza kuonyesha kwa kalamu kabla chai haijapoa.

Bila sifuri, pete ya kwanza d inaiweka namba kati ya 1/(d+1) na 1/d. Kwa d = 1 ni 0.5 hadi 1, wakati desimali inataka 0.1 hadi 0.2. Kwa 2 ni 0.333 hadi 0.5, desimali inataka 0.2 hadi 0.3. Kwa 3 ni 0.25 hadi 0.333, desimali inataka 0.3 hadi 0.4: zinakutana. Kuanzia 4 mnyororo unashuka chini ya 0.25 na desimali inapanda juu ya 0.4, haziwezi kukutana tena. Basi namba inaanza na 3, na iko chini ya 0.3334, kwa hiyo tarakimu ya pili ni 1, 2 au 3. Mnyororo 3, 1 uko kati ya 1/4 na 2/7; hata 0.3 haifiki. Mnyororo 3, 2 unaishia 3/10, ilitakiwa 0.32. Mnyororo 3, 3 unaishia 4/13, yaani 0.3077, ilitakiwa 0.33. Njia zote zimefungwa kwenye ngazi ya pili.

Hapa kinachobadilishwa ni kanuni, na programu iachwe kama ilivyo. Mbali na kuruhusu sifuri, ziko njia nyingine mbili.

Ya kwanza ni kuziacha tarakimu ziwe kiasi pia. Tarakimu zinakwenda mbili mbili, ya kwanza kiasi, ya pili ndani ya asili: 2/(7 + 3/(9 + 4/(4 + 1/(9 + 5/(7 + … Hiyo inatoa 0.2739441957…, namba ya pili ya Trott. Kumbuka tu kwamba ile programu ya mistari mitano haitafaa kama ilivyo: p0 na q0 za kujumlishwa sasa zizidishwe kwanza kwa kiasi cha ngazi hiyo.

Ya pili ndiyo iliyompendeza dada wa Katonga: pete iruhusiwe kuwa na tarakimu zaidi ya moja, mradi ukizibandika pete zote kwa mpangilio zitoe desimali. Anza na 3. Pete 29 inafuata, kwa sababu mnyororo 3, 29 uko kati ya 29/88 na 30/91, yaani 0.32954 hadi 0.32967, na 0.329 imo. Halafu 54: sehemu ya hatua ni 1567/4755, ambayo ni 0.3295478. Halafu 7: 10998/33373, yaani 0.329547838. Halafu 8: 89551/271739, yaani 0.32954783818. Soma: 3, 29, 54, 7, 8, hakuna sifuri hata moja kati ya pete.

Baada ya 8 tarakimu zinazofuata ni 3, 8, 1, na hapo kuna njia panda. Pete inayofuata inaweza kuwa 3, inaweza kuwa 38, na hata 381 inapita mtihani wa maeneo. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza endesha, weka kikomo cha tarakimu mbili kwa kila pete. Usipoweka, kila njia panda inazaa matawi marefu kuliko yaliyotangulia, na utasikia feni ya laptop kabla ya kuona tarakimu mpya.